Kitenzi "raid" cha Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sekondari, walimu wao, watangazaji wa redio na wale wanaotafsiri habari za polisi na mahakama kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia. Mengi yanatokana na jambo moja: Kiswahili kina "kuvamia", neno pana linalobeba mzigo wa vitenzi vitano au sita vya Kiingereza. Anayetoka kwenye "kuvamia" kwenda Kiingereza lazima achague, na akichagua vibaya habari nzima inageuka.

"Raid" maana yake nini hasa?

Ni kuingia mahali ghafla, kwa kusudi linalojulikana, kulitimiza na kuondoka. Shika hayo matatu: ghafla, kusudi, kuondoka. Likikosekana moja, pengine unahitaji kitenzi kingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye mchezo wa kabaddi, ambao Kenya ilishiriki Kombe lake la Dunia mwaka 2016. Kila timu ina wachezaji saba uwanjani. Mmoja anavuka mstari na kuingia upande wa wapinzani huku akitamka "kabaddi, kabaddi" bila kukatiza. Ana sekunde 30 za kumgusa mpinzani na kurudi kwao kabla hajakamatwa. Safari hiyo moja, ya kwenda na kurudi, ndiyo "raid", naye aliyeifanya ni "raider". Akinaswa upande wa pili amepoteza, kwa sababu kurudi ni sehemu ya kazi yenyewe. Ukiiweka picha hiyo akilini, makosa mengi yanayofuata hapa hutayafanya.

Kwa hiyo "kuvamia" si tafsiri sahihi?

Ni sahihi mara nyingi, ila haitoshi. Tazama matukio mawili ya jirani zetu. Mwezi Julai 1976 makomando wa Israeli walitua usiku uwanja wa ndege wa Entebbe, wakawaokoa mateka na kuondoka chini ya saa mbili baadaye, ndege zao zikapitia Nairobi. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, Tanzania, yakaikalia ardhi hiyo na kuitangaza kuwa ya Uganda mpaka yalipofurushwa. Kwa Kiswahili tunasema "uvamizi wa Entebbe" na "uvamizi wa Kagera" bila kusita. Kwa Kiingereza la kwanza ni "raid" na la pili ni "invasion". Ukiandika "the Kagera raid" msomaji ataelewa kwamba askari walipiga na kurudi kwao siku hiyo hiyo, na vita vizima vitakuwa vimefutwa kwa neno moja.

Entebbe inatufunza pia kwamba kusudi la "raid" si lazima liwe wizi. Linaweza kuwa kuokoa, kupekua, kuharibu au kukamata.

Shamirisho yake ni kitu gani: mahali, mtu au mali?

Mahali. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote, kwa hiyo tulitazame polepole.

"Thugs raided a shop in Kondele" ni sahihi, kwa sababu duka ni mahali. "Thugs raided a phone" si sahihi, kwa sababu simu ni mali. Simu hutumia "steal". Mtu aliyenyang'anywa hutumia "rob". Kwa tukio moja utapata sentensi tatu: walivamia duka ("they raided the shop"), walimpora mwenye duka ("they robbed the owner"), waliiba simu kumi ("they stole ten phones"). Mwalimu anaweza kuandika hizi tatu ubaoni zikiwa pamoja na kuwaacha wanafunzi wazibadilishe shamirisho wenyewe. Kosa litajitokeza bila kuelezwa sana.

Kuna ubaguzi mmoja. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki na cha wasomi wa jamii za wafugaji utakutana na "raid cattle", ng'ombe wakiwa shamirisho. Limezoeleka, lakini kwenye mtihani "raid a village and steal cattle" ni salama zaidi.

Niliandika "I was raided on my way from school" na mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu. Kwa nini?

Kwa sababu ulikuwa ukifikiria "nilivamiwa". Kiswahili kinaruhusu mtu mmoja avamiwe njiani. Kiingereza hakimpi mtu huyo "raid", kwa kuwa yeye si mahali pa kuingiwa. Sema "I was attacked" ikiwa ulipigwa, "I was robbed" ikiwa ulinyang'anywa kitu, au "I was mugged" ikiwa yote mawili yalitokea barabarani. "We were raided" inakubalika pale familia au kituo kizima kinaposema kuhusu boma lao au ofisi yao: nyumba ndiyo iliyoingiwa, nao wanazungumza kwa niaba yake.

Kihusishi kipi kinafuata: "on", "into", "for"?

Kitenzi hakihitaji kihusishi kabla ya mahali. "They raided the store", basi. "They raided on the store" na "they raided into the store" ni makosa. Yanatokana na nomino, ambayo kweli huchukua kihusishi: "a raid on the store", "a raid into enemy territory". Wanafunzi husikia nomino kwenye habari, kisha hubeba "on" yake hadi kwenye kitenzi.

"For" hutumika kutaja kilichotafutwa: "They raided the office for documents", yaani waliivamia ofisi wakitafuta hati. Nomino nayo hufuatana na vitenzi vyake: "carry out", "conduct", "launch", "stage". "Do a raid" husikika mitaani, lakini usiiandike.

Kinaandikwaje na kinatamkwaje?

Ni kitenzi cha kawaida: raid, raids, raided, raiding. Usiandike "raidded". Herufi ya mwisho hairudiwi kwa sababu imetanguliwa na vokali mbili. "Raid" ni silabi moja, tamka "reid". "Raided" ni silabi mbili, "rei-did", kwa kuwa mzizi unaishia na sauti ya d. Tofauti na "ride" ni vokali: "ride" husikika "raid" kwa masikio ya Kiswahili, na hapo ndipo mtego ulipo. Anayesoma tahajia ya "raid" kwa sauti za Kiswahili hutamka kitenzi cha kupanda farasi au baiskeli.

Kwa wazungumzaji wa Ekegusii na Gikuyu kuna la ziada. Lugha hizo hazina sauti ya l ya kujitegemea kando ya r, kwa hiyo "raid" na "laid" huweza kutoka kinywani zikiwa kitu kimoja. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, 101/1, hupima stadi za kuzungumza, na jozi kama hii ni ya kufanyia mazoezi mapema. Weka ncha ya ulimi ikiegemea ufizi kwa "laid". Kwa "raid" iache isiguse chochote.

Polisi wakifanya "raid" niseme msako, upekuzi au uvamizi?

Hapa watangazaji huteleza sana, na madhara yake si ya sarufi tu.

"Raid" ya polisi kwa Kiingereza haina lawama ndani yake. "Kuvamia" kwa Kiswahili ina kivuli cha ubaya: anayevamia kwa kawaida ndiye mkosaji. Ukitangaza "polisi walivamia nyumba ya mfanyabiashara", msikilizaji wa Kisumu amekwisha kuamua nani ana makosa kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo uliza kwanza kilichofanyika. Ikiwa maafisa walikuwa na kibali cha mahakama cha kupekua, kile kinachotolewa chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, sema "walifanya upekuzi wa kushtukiza". Ikiwa walizunguka nyumba kadhaa au mtaa mzima kwa saa au siku, huo ni "msako", na Kiingereza chake huelekea kuwa "crackdown" au "operation" kuliko "raid". Ikiwa walivunja mlango bila kibali na hilo ndilo linalolalamikiwa, "walivamia" ni neno la haki kabisa, nawe utumie bila kuogopa.

Chukua sentensi ya aina inayotoka kila wiki: "Police in Nakuru on Tuesday night raided a house in Free Area and recovered 40 litres of chang'aa." Wengi huandika "walirejesha lita 40 za chang'aa", jambo lisilo na maana, kwa kuwa chang'aa hiyo haikuwa imeibwa na mtu. "Recover" katika Kiingereza cha polisi ni kupata kitu wakati wa upekuzi. Kwa pombe, bangi au silaha haramu andika "walinasa". Kwa ng'ombe walioibwa na kurudishwa kwa mwenyewe, hapo "walirejesha" inafaa. Tafsiri nzuri ni: "Polisi jijini Nakuru Jumanne usiku walifanya upekuzi wa kushtukiza katika nyumba moja mtaani Free Area na kunasa lita 40 za chang'aa." Na ni "jijini", si "mjini": Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021.

"Swoop" ni ndugu wa karibu, lakini hilo lina "on" hata likiwa kitenzi: "they swooped on the den". "Storm" ni kuingia kwa nguvu na kwa kishindo, mara nyingi mbele ya watu: waandamanaji wakiingia ofisini, "they stormed the office".

Wizi wa mifugo ni "raid" au "rustling"?

Yote mawili, kwa pembe tofauti. "Rustling" ni wizi wenyewe wa mifugo, hata mtu mmoja akimfungua ng'ombe mmoja usiku. "Cattle raid" ni kundi linaloingia kijijini au malishoni, kwa kawaida likiwa na silaha, na kuondoka na mifugo. Kwa Kiswahili "wizi wa mifugo" hutafsiri la kwanza vizuri. Kwa la pili ongeza kitendo: "washambuliaji waliokuwa na silaha walivamia kijiji na kutoroka na mifugo".

Angalia pia neno "majangili". Katika habari za Kenya limekuwa la watu wenye silaha wa Bonde la Ufa kaskazini. Kwa msomaji wa Tanzania jangili ni mwindaji haramu wa wanyamapori. Kama maandishi yako yatavuka mpaka, "wezi wa mifugo wenye silaha" hayatamchanganya mtu. Na tafadhali usiweke jina la jamii mahali pa "raiders". Waliofanya kitendo ni watu fulani. Kuwaita wezi kwa jina la kabila ni kuwatia hatiani maelfu ambao hawakutoka nyumbani siku hiyo.

Kwenye hati ya mashtaka hutakuta "raid" kama kosa. Sheria hutaja wizi, wizi wa mabavu, au kuvunja nyumba. Kosa la "burglary" hasa ni la usiku, na Kanuni ya Adhabu ya Kenya inahesabu usiku kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Mwandishi anayeita tukio la saa nane mchana "burglary" anakosea kisheria, hata kama majirani wote wanaliita hivyo.

"Loot", "plunder", "pillage", "ransack" na "maraud" zinatofautianaje na "raid"?

"Loot" ni kubeba mali pale ulinzi ulipoporomoka. Lori la mafuta ya kupikia likipinduka Salgaa na watu wakaja na mitungi, huo si uvamizi, kwa kuwa hakuna aliyepanga kuingia popote. "They looted the lorry." Kiswahili chake ni kupora. Neno lenyewe lilitoka Kihindi.

"Ransack" ni kupekuapekua mpaka kila kitu kimepinduliwa: droo zimemwagwa, magodoro yamechanwa. Mtu anaweza kufanya "raid" bila "ransack" akijua kitu kilipo. "Plunder" na "pillage" ni za vita na za kiwango kikubwa. La kwanza hutumika sana Kenya kwa wizi wa mali ya umma, nasi tuna "kufuja" na "kupora" kwa hilo. "Maraud" ni kuzurura ukitafuta pa kupora, na karibu kila mara utaliona kama kivumishi, "marauding gangs".

Na wanyama wanaokula mimea shambani?

Kiboko ndiye mfano wetu bora. Hutoka ziwani usiku, hula shambani, na kabla ya mapambazuko amerudi majini. Ghafla, kusudi, kuondoka. "Hippos raid farms along the lake" ni sentensi isiyo na dosari, na wataalamu huita tabia hiyo "crop raiding". Tembo na tumbili vilevile.

Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Kenya mwaka 2017, hawafanyi "raid", ingawa jina lao la Kiswahili lina uvamizi ndani yake. Wao hukaa kwenye hindi na kulila hapo hapo: "infest" au "attack". Kweleakwelea kwenye mpunga wa Ahero wako katikati. Magazeti hupendelea "invade" kwa sababu ya wingi wao, nasi tunaona ni sawa.

"Raid the fridge" ni kuiba?

Hapana. Ni kufungua friji na kujitwalia unachokikuta bila mpango, mara nyingi kwenye nyumba yako mwenyewe. "Alifukua friji" inakaribia. Usitumie "kudoea", kwani anayedoea hula cha wengine bila kualikwa. Na wageni wakivamia ugali na samaki pale Dunga, Kiingereza chake si "raided the fish". Chakula kilikuwa mezani kwa ajili yao. Sema "they dug into the fish".

Fedha hufuata mkondo huo huo. "I raided my savings to pay school fees" ni "nilichota akiba yangu nikalipa karo", bila aibu yoyote. Lakini "the treasurer raided the chama's account" ni shutuma, kwa kuwa pesa si zake: "mweka hazina alichota pesa za chama". Kinacholeta lawama katika sentensi hizi ni mali kuwa ya nani, kitenzi ni kile kile.

Kwenye soka, "K'Ogalo raid Ingwe for striker" maana yake klabu moja imemnyakua mchezaji wa nyingine. "Kunyakua" inatosha. Hakuna aliyevunja mlango.

Kwa nini kichwa cha habari kinasema "Police raid den" na jambo limekwisha tokea jana?

Vichwa vya habari vya Kiingereza hutumia wakati uliopo kwa jambo lililopita. Kiswahili kina desturi yake inayolingana: "Polisi wavamia pango la chang'aa". Usitafsiri kuwa "polisi wanavamia", utafanya ionekane kama matangazo ya moja kwa moja. Kwenye aya ya kwanza ndipo "-li-" huingia.

Neno hili lilitoka wapi?

Ni pacha wa "road". Yote mawili yanatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha safari ya kupanda farasi. Kusini mwa Uingereza likawa njia inayopitwa, huko Scotland likabaki kuwa safari ya wapanda farasi kwenda kushambulia. Lilikuwa limefifia, mpaka mwandishi Walter Scott alipolirudisha mwanzoni mwa karne ya 19. Asili hiyo inaeleza kwa nini kurudi kumo ndani ya maana: aliyepanda farasi alikuwa na kwao.

"Air raid", "dawn raid" na RAID ya kompyuta?

"Air raid" ni shambulio la ndege za kivita. "Dawn raid" ni ya alfajiri kwa polisi, ila katika sheria ya ushindani wa biashara ni upekuzi wa kushtukiza kwenye ofisi za kampuni, hata ukifanywa saa nne asubuhi. Usiandike "alfajiri" kabla hujahakikisha saa. RAID ya kompyuta ni kifupisho cha mpangilio wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Haihusiani na kitenzi, na haitafsiriwi.

Vijana husema "karao wameraid". Naweza kuandika hivyo kwenye insha?

Ndani ya alama za usemi, mhusika akiwa kijana wa mtaani na hali ikidai, ndiyo, mara moja inatosha. Kwenye masimulizi yako mwenyewe andika "polisi wamevamia", na ukitaka kuonyesha kasi yake ongeza "ghafla bin vuu". Ukiandika Kiingereza, "the cops have raided the place", usisahau "the place". Kitenzi hiki hakipendi kuachwa bila shamirisho.